Pampu ya Bwawa Malindi Yaandika "ANTIGELO": Je, Niongeze Kinga ya Barafu?

"Mimi ni mtunza nyumba huku Casuarina, Malindi. Mwenye nyumba ni Mtaliano, huja Agosti na Desemba. Mwaka jana alileta kontrola ya bwawa kutoka kwao, fundi akaifunga kwenye chumba cha pampu. Tangu kusi ianze kuvuma, pampu inajiwasha usiku wa manane ilhali taima nimeiweka mchana, na kwenye kioo panaandikwa ANTIGELO. Ikifika saa nne asubuhi maandishi yamepotea na kila kitu kiko sawa. Tokeni za stima zinaisha upesi hadi naulizwa mimi zinakwenda wapi. Nilipompigia mwenye nyumba alifurahi. Akasema hiyo ni kinga ya barafu na inafanya kazi yake, kisha akaniagiza nitafute fundi aongeze nyingine kwenye pampu ya kibwawa cha watoto, maana kwao milimani pampu ya jirani yake ilipasuka kwa baridi. Fundi amekubali, anasema Julai huku kuna baridi, na bei ameshanipa. Mimi naona jambo hili halijakaa sawa, ila sina elimu ya kumbishia tajiri wala fundi. Niongeze au nisiongeze?"

Usiongeze, ndugu yangu, na hata hiyo iliyopo kwenye pampu kubwa inafaa izimwe. Bei uliyopewa na fundi iweke kando kwanza, huko mbele nitakuonyesha mahali ambapo pesa hiyo itafanya kazi. Lakini nikiishia hapo sitakuwa nimekusaidia, kwa sababu naona mzigo wako mkubwa ni kumweleza mtu aliye mbali. Tajiri wako hajakosa akili. Anajua fika kwamba Malindi hapana theluji. Ila mtambo alioununua kwa pesa zake umemwambia kuna baridi, na mtu aliyeona pampu imepasuka kwao hawezi kupuuza onyo kama hilo. Ukimjibu "huku ni joto" utakuwa umemwambia analolijua. Ukimjibu "waya wa sensa umeoza, na hivi ndivyo nilivyoupima", hapo mtasikilizana.

Tuanze na pampu ya jirani, maana kisa hicho ni cha kweli na hutokea sana kwenye nchi za baridi. Maji yakiganda hufura. Barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoizaa, kwa kadiri ya asilimia 9, na aliyewahi kusahau chupa ya maji iliyojaa ndani ya friza anajua mwisho wake. Pampu ya bwawa ni chupa ya aina hiyo. Mbele ina kikapu cha kunasia majani chini ya kifuniko cha plastiki kinachoonyesha ndani, nyuma yake kuna panka linalosukuma maji, kisha zinafuata paipu, valvu na filta. Pampu ikizimwa vyote hivyo hubaki vimejaa maji yaliyosimama, na maji yaliyosimama ndani ya chombo chembamba kilicho nje ndiyo ya kwanza kuganda. Bwawa lenyewe lina maji mengi, halipoi upesi. Plastiki hupasuka usiku, na mwenyewe hajui mpaka barafu iyeyuke aone maji yanachuruzika.

Kinga ya barafu ilibuniwa kwa ajili hiyo, nayo ni kitu chepesi kuliko watu wanavyodhani. Haina hita ndani na haipashi pampu joto. Ni sensa ndogo inayopima joto la hewa, pamoja na amri moja ndani ya kontrola: hewa ikishuka hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, washa pampu, taima ikubali isikubali. Maji yakizunguka huchukua joto la bwawani na kulipitisha kwenye paipu, na hayapati nafasi ya kuganda. Hewa ikipanda, pampu inazimika. Watengenezaji hawangoji mpaka 0 kwa sababu paipu iliyo wazi chini ya anga lisilo na mawingu huweza kupoa kuliko hewa iliyo karibu na sensa, na mwenye kungoja 0 huenda akachelewa.

Hata huko kwenye baridi kinga hii ina mipaka, na ni vyema tajiri akumbushwe kwa adabu. Inategemea stima. Februari 2021 jimbo la Texas, Marekani, lilipigwa na baridi isiyo ya kawaida, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na pampu zilizokuwa zikizungushwa na kinga zikasimama. Mitambo mingi ya mabwawa ilipasuka siku hizo, kinga ikiwa imefungwa vizuri kabisa. Nao wanaoishi kwenye milima ambako barafu hukaa wiki baada ya wiki huwa hawaitegemei sana. Msimu ukikaribia huteremsha maji ya bwawa chini ya midomo ya skima, yaani matundu ya ukutani yanayovuta maji ya juu, hufungua vizibo vya chini vya pampu na filta maji yote yatoke, hupuliza paipu kwa hewa, hufunika bwawa na kuliacha hadi joto lirudi. Kinga ya kujiwasha inafaa mahali ambapo baridi kali huja usiku mmoja mmoja na kuondoka. Kama yule jirani anakaa milimani kweli, pampu yake ilitaka kumwagwa maji kabla ya baridi, na sensa peke yake huenda isingeiokoa.

Sasa turudi Malindi. Fundi wako amesema Julai huku kuna baridi, na mtu aliyekaa barazani usiku wa kusi akajifunika shuka ataona amesema kweli. Lakini baridi ya ngozi na baridi ya paipu ni mambo mawili. Upepo ukipiga ngozi yenye jasho huikausha, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Paipu haitoki jasho. Upepo hauwezi kuipoza ikawa baridi kuliko hewa yenyewe, na hewa ya Malindi, hata usiku wa Julai au Agosti, kwa kawaida hukaa nyuzi 20 na ushee. Hata paipu ikiwa imelowa kwa umande, unyevu wa hewa ya pwani hauruhusu maji kukauka haraka kiasi cha kuipoza sana. Barafu ya Malindi ni ile ya wauza samaki, na hiyo hutoka kwenye mashine.

Na kama bwawa lenu ni la mtambo wa kutengeneza klorini kwa chumvi na mtu akakwambia maji ya chumvi yana hesabu yake, mjibu kwamba chumvi hufanya maji yachelewe kuganda. Haiyaharakishi.

Zipo sehemu za Kenya ambako ningekujibu tofauti kidogo. Kinangop na Limuru jalidi huanguka alfajiri na kuunguza viazi na majani ya chai. Mwenye bwawa la nje huko akiniuliza, nitamwambia sensa ikae kivulini karibu na paipu zilizo wazi, mbali na ukuta uliokula jua mchana. Valvu zote ziachwe wazi angalau kidogo ili kila paipu ipitiwe na maji. Na ajue vizibo vya kumwaga maji viko wapi, kwa ajili ya usiku ambao stima itakatika. Kwenu wewe hakuna haja ya hata moja katika hayo.

Kwa hiyo kontrola imeona nini usiku wa manane? Kwa dalili ulizoeleza, sina shaka kubwa kwamba imeona waya uliooza.

Fuata waya mwembamba unaotoka chini ya kontrola, ukipita ukutani hadi nje ya chumba cha pampu. Mwishoni utakuta kitu kidogo cha plastiki au chuma, kisichozidi ncha ya kidole. Hiyo ndiyo sensa ya hewa. Ndani yake mna themista, kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Aina inayotumika sana kwenye mitambo ya mabwawa ina omu 10,000 (omu ndicho kipimo cha ukinzani) kwa nyuzi 25. Hewa ikipata joto, ukinzani hupungua, na kwa nyuzi 30 huwa kama omu 8,000. Hewa ikipoa hupanda: kwa nyuzi 3 hufika kama 28,000, na kwa nyuzi 0 hupita 32,000. Kontrola yenyewe haijui baridi wala joto. Inajua hesabu ya omu, basi. Ikisoma 28,000, inasema nyuzi 3.

Sasa tazama mahali waya ulipoungwa. Nyumba za huko kwenu zinakula upepo wa bahari wenye chumvi mwaka mzima, na wengi huweka ndoo za klorini ndani ya chumba kile kile cha pampu, mvuke wake ukiila shaba usiku na mchana. Mara nyingi waya uliokuja na mtambo huwa mfupi. Fundi huongeza mwingine, anasokota nyuzi kwa nyuzi, anazungusha tepu nyeusi, anaondoka. Ukiibandua tepu hiyo baada ya miezi michache unakuta gundi imeyeyuka, shaba imegeuka kijani, na nyuzi nyingine zinavunjika ukizigusa. Kutu ile ya kijani haikati umeme mara moja. Inaupunguza, yaani inaongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa.

Tuseme kiungo kibovu kimeongeza omu 19,000. Mchana wa Julai, hewa ikiwa nyuzi 29, sensa ina kama 8,400. Jumla ni 27,400, na kontrola inasoma nyuzi 3 na nusu. Ikiwa imepangwa kuamka kwa nyuzi 3, inatulia. Usiku hewa inashuka hadi 22, sensa inapanda hadi 11,400, jumla inakuwa 30,400, na kontrola inasoma nyuzi 1 na nusu. Pampu inaamka. Jua likishapanda, hesabu inashuka, pampu inalala, nawe ukifika saa nne huoni dalili yoyote. Ndiyo maana pia shida haikuonekana wakati wa kaskazi, usiku ukiwa na joto zaidi. Waya ulikuwa tayari unaoza, ila ulihitaji nyuzi chache za kusi ili uvuke mstari.

Waya ukikatika kabisa, ukinzani hauna mwisho. Kontrola nyingine huandika hitilafu na kuacha kila kitu, nyingine husoma baridi ya kutisha na kuzungusha pampu saa 24. Nyaya mbili zikigusana, inasoma joto kali na kinga inakufa kimyakimya. Kwa Malindi hiyo ni heri. Na kama kioo kisingeandika ANTIGELO, ningeanza kwa kushuku saa ya taima, kwa sababu stima ikikatika na betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, saa hupotea na mchana unakuwa usiku.

Hakikisha kabla hujamwandikia mtu. Ingia kwenye menyu ya kontrola utafute joto la hewa, kwa Kitaliano ARIA. Linaloonekana siku zote kwenye kioo mara nyingi ni joto la maji, ACQUA, ndiyo maana kosa limejificha. Saa nane mchana, ARIA ikiandika 3 au 4 huku wewe unatokwa na jasho, piga picha. Kama una kipimajoto cha kawaida, kiweke kando kionekane kwenye picha hiyohiyo. Kwa tajiri wako picha hiyo ina uzito kuliko maneno yangu yote.

Kipimo cha pili kinataka multimita, yaani kile kifaa cha kupimia umeme, na kinataka breka iwe imezimwa. Nasema breka ya ubao mkuu, si kitufe cha kontrola, kwa sababu ndani ya boksi hilo nyaya nyembamba za sensa zinakaa jirani na nyaya za volti 240. Kama hujazoea kufungua maboksi ya stima, hapa mwachie fundi wa umeme na wewe usimame umwangalie. Achomoe nyaya mbili za sensa ya hewa kutoka kwenye kontrola, apime omu hapo. Kisha aende kwenye kiungo, akate upande wa sensa, apime tena. Akikuta 27,000 kwenye ncha ya kontrola na 8,000 karibu na sensa, sensa ni nzima na ubovu uko katikati. Akikuta hesabu mbaya hata kwenye sensa yenyewe, nayo imekufa. Ukipenda uhakika zaidi, jaza gilasi barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi ya kawaida, koroga, tumbukiza sensa kwa dakika chache: inapaswa kukaa kwenye 32,000 na kitu. Barafu ya samaki iliyokwisha kuchanganywa na chumvi haifai kwa kipimo hiki, maana chumvi huteremsha joto chini ya 0 na hesabu itakudanganya. Tena angalia kijitabu cha mtambo kwanza, uhakikishe kwamba sensa yenu ni ya omu 10,000.

Huenda ukasema: basi izunguke usiku, maji si yatakuwa safi zaidi? Hapa ndipo penye hasara, na ningependa ulielewe vizuri jambo hili.

Stima kwanza. Pampu ya hospawa 1 hula karibu yuniti moja kwa saa. Ikijiwasha saa nne usiku na kuzima saa kumi na mbili asubuhi, ni yuniti 8 ambazo hakuna aliyeziagiza, na kwa mwezi ni kama 240. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni, upate jibu la wale wanaokuuliza pesa zinakwenda wapi.

La pili ndilo linaloua pampu. Bwawa lisilo na wageni hupungua maji kila siku kwa jua na upepo, na mkikaa siku kadhaa bila kuongeza maji, usawa hushuka hadi skima inaanza kuvuta hewa. Mchana ungeliona, ungesikia pampu ikikoroma na kutoa mapovu, ungeizima. Usiku hakuna wa kusikia. Katikati ya panka na mota kuna sili, pete mbili laini zinazosuguana zikipozwa na maji yenyewe. Maji yakikosekana pete hizo hupata moto, mpira wake huungua, na si lazima ipite hata saa moja. Baadaye maji yakirudi yanavuja kuelekea kwenye mota, beringi zinashika kutu, na utaambiwa mota imeungua kwa sababu ya stima ya Malindi. Kumbe aliyeiua ni mlinzi wa barafu.

La tatu ni mkono wako. Kinga ya barafu imepewa ruhusa ya kuwasha pampu wakati wowote, hata taima ikiwa imezima. Mtu amefungua kifuniko, ameingiza mkono kutoa majani kwenye kikapu akidhani pampu imelala, na kontrola inaamua kuna baridi. Kuanzia leo, kabla ya kufungua kifuniko hicho, zima breka. Watoto wasiogelee karibu na tundu la kuvuta maji, pampu iwe inafanya kazi au imezimwa.

Mkiwa na mtambo wa kutengeneza klorini kwa chumvi uliofungwa pamoja na pampu, usiku huo wote nao unatengeneza klorini. Macho yanawasha, kamba na vitambaa vinachuja, na mvuke unazidi kuila ile shaba tuliyoanza nayo.

Jinsi ya kuizima. Njia safi ni kwenye menyu: tafuta ANTIGELO, uiweke OFF. Kontrola nyingi zinaruhusu, ingawa nyingine huficha jambo hilo nyuma ya namba ya siri ya fundi. Kama haikubali kuzimwa, punguza kiwango chake hadi cha chini kabisa. Nasisitiza ubadilishe au uunge upya waya hata ukishaizima, kwa sababu joto la hewa huenda linatumika pia kuamua mambo mengine, hasa kama mna paneli za jua za kupasha maji. Kiungo kipya kisiwe cha kusokota. Kisuguliwe hadi shaba ing'ae, kichomewe kwa risasi au kibanwe kwa kiungio chenye grisi ndani, kifunikwe kwa mpira unaokaza ukipata moto, na kiwe ndani ya boksi, si kikining'inia ukutani.

Ipo njia ya mkato ambayo mafundi wengine wataitaja: kuondoa sensa ya hewa na kufunga mahali pake kizuizi cha umeme (rizista) cha omu 10,000, ili kontrola iamini kwamba siku zote ni nyuzi 25. Inafanya kazi, ni rahisi, na kwa Malindi haina madhara kwa paipu. Siipendi sana. Anayekuja baada yako atakuta mtambo unaosema uongo bila kujua ni nani aliyeufundisha. Na fundi akikosea akafunga kizuizi hicho kwenye sensa ya maji au ya paneli za paa, hita itafanya kazi kwa upofu. Ikilazimu, pafungwe kibandiko chenye maandishi makubwa, na mwenye nyumba aambiwe.

Sasa ile bei ya fundi. Pampu ya pwani ina maadui wanaojulikana, na wa kwanza ni kukimbia kavu. Kuna swichi ya mkondo inayofungwa kwenye paipu, yenye kibao kinachosukumwa na maji. Ni ya bei nafuu, ila chokaa na chumvi hukikwamisha kibao kikabaki kimeinama, na swichi ikaendelea kusema maji yapo. Ukiichagua, iwe kwenye orodha yako ya kusafisha. Mimi napendelea kifaa kinachopima ampea za mota. Pampu isiyo na maji inafanya kazi nyepesi, kwa hiyo ampea hushuka, na kifaa kinakata. Hakigusi maji, hakina cha kukwama, na kikipangwa vizuri kinakata pia ampea zikipanda kupita kiasi. Kinagharimu zaidi na kinahitaji fundi anayejua kukipanga pampu ikiwa na maji na ikiwa haina.

Adui wa pili ni stima yenyewe. Volti zikishuka, mota huvuta ampea nyingi na kupata moto. Stima ikirudi kwa kishindo, kontrola ndiyo inayoumia. Kifaa cha kulinda volti, chenye kuchelewesha dakika chache kabla ya kuwasha tena, ningekiweka kabla ya kingine chochote nikiwa na bajeti ndogo. Mlango wa chumba cha pampu nao uwe na matundu ya kupitisha hewa, maana mota nyingi zimeundwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40, na chumba cha simiti kilichofungwa mchana wa Machi kinaweza kupita hapo. Ndoo za klorini zitoke humo leo, hilo halina bei.

Kibwawa cha watoto hakihitaji kontrola yoyote. Taima ya kawaida na kinga ya kukimbia kavu vinatosha, na kwa sababu maji yake ni machache yanapungua upesi, hiyo ya pili ndiyo muhimu. Ila kwa kuwa ni cha watoto, ulizia kitu ambacho tajiri hakukitaja: kama saketi ya pampu na taa za bwawa ina breka ya kukata stima inayovuja, ya miliampea 30, na kama waya wa ardhini umefika kwenye mota kweli. Breka hiyo ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara moja kwa mwezi, isipokata, ibadilishwe.

Zipo hali ambazo hupaswi kungoja ushauri wa kuandikiwa. Mtu akisema maji yanamchoma kama sindano, au ngazi ya chuma inamtetemesha, watoe watu wote, zima stima ya nyumba nzima, na asiingie mtu mpaka fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, apime. Ukisikia harufu ya kuungua kwenye kontrola, breka ikiruka mara kwa mara, au mota ikivuma bila kuzunguka, zima na uite. Hiyo ya kuvuma mara nyingi ni kapasita, kitu kidogo kinachotunza chaji ya kuamshia mota, lakini huweza kubaki na chaji hata breka ikiwa imezimwa, usiiguse mwenyewe.

Kwa tajiri, usianze na ubishi. Mtumie picha ya ARIA na kipimajoto, kisha umwandikie: "Sensa ya hewa inasoma nyuzi 3 mchana. Waya wake umeoza kwa chumvi. Pampu inazunguka usiku bila sababu, na maji yakipungua itaungua. Naomba ruhusa ya kuzima ANTIGELO, kuunga waya upya, na kutumia pesa ya kinga ya barafu kununua kinga ya kukimbia kavu kwa pampu zote mbili." Ukijua Kitaliano cha kutosha, mwandikie kwa lugha yake, itamlegeza. Akikubali, mpe namba ya modeli iliyo ubavuni mwa kontrola, na umwombe Agosti akija alete sensa mbili za akiba za aina hiyohiyo, zenye waya mrefu wa kutosha kufika ukutani bila kuungwa.